Kurasa Zilizoliwa na Mchwa

Ijulikane kwa wakubwa na wadogo, wa Kariakoo, wa Mchafukoge na hata wale wa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, kwamba mimi, Abbasi bin Mwinyimvua, mwanafunzi wa shule ya bweni ya bara na aliyepata kuwa kaimu kiranja wa bweni la pili, ndiye msomaji hodari kuliko wote waliowahi kufungua kitabu katika mji huu wa Dar es Salaam. Wengine husoma kurasa zilizoandikwa, jambo ambalo mtu yeyote mwenye macho na subira analiweza. Mimi, katika likizo ya Juni mwaka wa 1934, nilisoma kwa sauti kurasa mia moja na kumi ambazo hazikuwepo.

Ukaimu wa ukiranja, nao, ulidumu Jumapili moja tu, kiranja mwenyewe alipougua matumbwitumbwi. Nimeutaja kwa kuwa ndio cheo pekee nilicho nacho na sipendi kikae bure.

Nilishuka garimoshi siku ya Jumatano nikiwa na sanduku la bati na kitabu kimoja. Nyumbani kwetu ni Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita, ambayo paa lake Baba alikuwa ameezeka bati upande wa mbele ili wageni waone maendeleo. Upande wa nyuma makuti yalibaki, maana wageni hawafiki huko. Kabla sijamaliza kumwambia Mama shikamoo, alinishika mkono akanipeleka uani kunionyesha tatizo la nyumba.

Tatizo lilikuwa kipande cha ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, urefu wa mkono mmoja, kimelala ndani ya kikapu.

Dada yangu Sitara alikuwa anaolewa Alhamisi ya kwanza baada ya Maulidi, yaani wiki tatu zilizobaki. Katika ukoo wetu bi harusi hukalishwa juu ya mkeka uliosukwa na bibi yake kwa mikono yake mwenyewe. Hauletwi kutoka sokoni, hauazimwi kwa jirani, wala fundi hapewi. Bibi Mauza, mama yake baba yangu, amesuka tisa. Binti za shangazi zangu wote walikalia kazi yake, na mikeka hiyo bado ipo, mingine imezeeka kuliko ndoa zenyewe. Wa kumi ndio ule uliokuwa kikapuni.

"Amekwama," alisema Mama kwa sauti ya chini. "Tangu Bibi Siwema afariki, anashika ukindu asubuhi, anasuka vidole vitatu, mikono inasimama."

Bibi Siwema alikuwa mdogo wake Bibi. Kwa miaka arobaini walikaa pamoja katika ua ule, Bibi Mauza akisuka na Bibi Siwema akizungumza. Siwema naye alisuka, lakini ukili wake ulikwenda upande, na kila alipoinuka kwenda kuchota maji, dada yake aliufumua haraka haraka na kuusuka upya. Siwema alijua. Hakusema neno kuhusu hilo, yeye aliyesema kuhusu kila kitu.

"Mikono yangu haiendi kwenye kimya," Bibi mwenyewe aliniambia nilipomsalimu. "Marahaba, mume wangu. Umerefuka. Huko bara wanawapa chakula au wanawavuta?"

Dada Sitara alikuwa akipepeta mchele karibu na mlango wa jiko. "Abbasi," alisema bila kuinua kichwa, "mkeka huu usipokwisha nitakaa sakafuni kama gunia, na watu wa upande wa bwana watasema nimeokotwa."

"Basi kazi yako likizo hii ni kusema," Mama alinihukumu. "Hiyo unaijua bila kufundishwa."

Niliianza siku ileile. Nilikalia kinu kilichopinduliwa, nikakohoa, nikamwambia Bibi kwamba hapo zamani palikuwa na sultani. Bibi aliinua kiganja.

"Hadithi? Jua hili hapa juu? Unataka kuota mkia?"

Kila mtoto wa mji huu anajua kuwa anayesimulia hadithi kabla ya magharibi huota mkia. Sijawahi kumwona aliyeota, lakini pia sijawahi kumwona aliyethubutu, kwa hiyo ushahidi umekaa sawa pande zote. Usiku nao haukufaa. Jicho moja la Bibi lina mtoto wa jicho, na kwa mwanga wa koroboi hawezi kutofautisha ukindu na kidole chake. Mchana tungepata kusuka bila hadithi, na usiku hadithi bila kusuka.

Hapo nikakumbuka kitabu.

"Na kusoma je, Bibi? Kusoma nako kunaotesha mkia?"

Bibi alifikiri kwa muda mrefu, kama kadhi aliyeletewa kesi ya mbuzi wawili. "Kitabu si hadithi," aliamua. "Kitabu ni maneno ambayo mwenyewe amekwisha kuyasema. Wewe unayapitisha tu, kama bomba. Mkia, kama upo, utamwota aliyeandika."

"Aliyeandika ni Mwingereza, Bibi."

"Basi hana taabu. Wana nguo nyingi."

Kitabu chenyewe nilipewa na mwalimu wetu wa Kiingereza alipokuwa akitupa vilivyoliwa na mchwa. Alisema kinanifaa, kwa sababu kina mwanzo mzuri na mwisho usiojulikana. Mchwa walikuwa wamekula nusu nzima ya nyuma kwa utaratibu wa kusifiwa. Zilibaki karatasi arobaini na nne za mbele, kisha shimo, kisha karatasi moja ya tangazo la dawa ya tumbo, kisha jalada.

Lakini hizo arobaini na nne. Mimi na rafiki yangu Eliakimu, anayelala kitanda cha jirani, tulizisoma mara nne tukinyang'anyana. Eliakimu alilia mara moja, ingawa anadai ilikuwa pilipili. Kilikuwa kitabu cha nchi ambayo haipo. Sisemi nchi ya mbali; haipo kabisa. Mtu mzima mwenye kazi zake alikaa kitini akaibuni, akaipa jina la Oluvara, akaipa mito na methali na ugomvi ulioanza miaka elfu mbili iliyopita, na mwisho akaichorea ramani asije akapotea mwenyewe. Huko kuna Taruvani mwenye mizani ya mifupa, na hakuna upepo unaovuma mpaka yeye aupime. Kuna ndege Kezu anayetaga yai moja kila baada ya miaka mia, na ndani ya yai imo miaka mia ijayo, bado laini. Kuna mji unaoning'inia kwa minyororo chini ya mwezi, na mwezi ukipungua wenyeji hukunja vyumba vyao na kubanana mpaka uandame tena. Na kuna dada wawili, Ishimora na Veluna. Ishimora husuka siku, moja baada ya nyingine, na Veluna hukaa karibu naye akimsemesha.

Nilifungua ukurasa wa kwanza na kutafsiri kwa sauti ya msikitini. "Hapo mwanzo, kabla ya ardhi, palikuwa na miungu kumi na miwili."

Bibi aliweka ukili chini. "Mingapi?"

"Kumi na miwili, Bibi."

"Katika ua huu yupo Mmoja na hana mwenza."

"Ni kitabu tu, Bibi."

"Na kitabu kimo uani." Aliusugua ukindu kati ya vidole akitafuta njia, maana alikuwa amekwisha kusikia habari ya ardhi ambayo bado haipo na alitaka kujua itatoka wapi. "Waite majini. Majini ni wengi, mimi mwenyewe nimewahi kuwaona wawili."

Hivyo ndivyo miungu yote kumi na miwili ya Oluvara ilivyoshushwa cheo mchana mmoja bila hata barua ya onyo.

Tulisoma kila siku kati ya adhuhuri na alasiri, isipokuwa Ijumaa. Sitajisifu, kutafsiri ni kazi ya punda. Nilikwama kwenye kila mstari. "Mizani ya... ya... ngoja, Bibi. Ya kitu kilicho ndani ya nyama." "Mfupa," angesema Bibi huku mikono yake ikienda. Ilikuwa inakwenda. Siku ya pili alisuka dhiraa moja, na Mama akapita uani mara tatu bila sababu ili atazame.

Kila nilipofungua karatasi, Bibi alichomeka ukindu mmoja mwekundu katika ukili. Nilimwuliza ni wa nini.

"Nijue tulipofika. Wewe una namba, mimi nina rangi."

Siku ya tatu jirani yetu Bi Azza, mke wa Mzee Suud mwenye duka la viungo lililo mkabala na nyumba yetu, aliingia kwa mlango wa nyuma kuazima chungio. Akakaa. Kesho yake alikuja na dele la kahawa na hakutafuta tena kisingizio. Alimpenda Taruvani kupita majini wote. "Mume wangu pia ana mizani," alisema, "lakini upepo wa bure hajawahi kumpimia mtu."

Sasa sikilizeni msiba. Katika kitabu, Veluna anatoweka. Anateremka chini ya bahari ya kioo na harudi, na Ishimora anaacha kusuka, na nchi nzima ya Oluvara inasimama katika saa moja ya alasiri: maziwa hayagandi, watoto hawakui, mwizi aliyeruka ukuta yuko bado hewani. Ndipo msichana mmoja mwasha taa, jina lake Orini, anatumwa kumtafuta. Bibi aliposikia hayo, mikono yake ikawa na haraka ambayo sijapata kuiona. Orini alishuka ngazi elfu. Orini alifika kwenye mlango wa mwisho. Orini aliufungua, na nyuma yake,

Nyuma yake walikuwa mchwa.

Nililijua shimo lile tangu shuleni, bila shaka. Nilikuwa nimejiambia kwamba tukifika hapo mkeka utakuwa umekwisha. Tulifika siku ya tisa, na mkeka ulikuwa haujafika nusu. Niligeuza karatasi, nikajikuta nikitazamana na picha ya bwana mwenye masharubu, ameshika chupa ya dawa ya tumbo, uso umejaa matumaini.

"Na nyuma yake?" aliuliza Bibi. Ukili ulikuwa umesimama hewani. Sitara aliacha kupepeta. Bi Azza alishika kikombe karibu na mdomo bila kunywa. Mwizi wa Oluvara na sisi tulikuwa mahali pamoja.

Niliinua macho kutafuta msaada. Juu ya ua wetu huonekana kitu kimoja tu, nacho ni paa la soko la Kariakoo.

"Na nyuma yake," nilisoma, "palikuwa na soko."

Mikono ya Bibi ilishuka, ikaanza kwenda.

Lilikuwa soko la vitu vilivyopotea. Kulikuwa na meza ya majina, meza ya meno ya kwanza ya watoto, meza ya nyimbo ambazo watu wamesahau mstari wa pili. Muuzaji mkuu alikuwa jini mwenye mikono sita, miwili ya kupima, miwili ya kufunga na miwili ya kuapa kwamba bei ni hiyo. Nilisema mpaka koo likakauka. Karatasi zikinipungua nilirudi nyuma, nikawa nazifungua zilezile kutoka mwisho kwenda mwanzo, ili mradi zitoe sauti. Bibi aliisikia kila moja na kuchomeka ukindu wake. Mimi sikutazama, macho yangu yalikuwa na kazi ya kujifanya yanasoma, na ukili kila ulivyorefuka ulijikunja kikapuni na kupotea.

Kutoka siku hiyo niliamka mapema, nikaenda sokoni kuchuma. Mwanamke aliyekuwa akimpiga pweza kwenye jiwe nilimhamishia Oluvara pamoja na jiwe lake. Wachukuzi wawili waliogombania gunia moja wakawa majitu wanaovutana kisiwa. Harufu ya vitumbua ilinifuata mpaka nyumbani, na mchana huo jini mwenye mikono sita akala vitumbua vitano.

"Majini wa Ulaya wanakula vitumbua?" aliuliza Bibi.

"Imeandikwa hapa, Bibi. Ukurasa wa tisini na mbili."

"Mwandishi huyu amepata kufika Kariakoo," alisema Bi Azza.

"Huenda," alisema Bibi. "Wakati wa vita Waingereza walijaa hapa na wapagazi wao. Labda mmoja alikuwa na macho."

Nilikuwa na furaha ambayo shule haijawahi kunipa. Nilianza kuelewa yule Mwingereza alivyokaa kitini mwake. Ukitaja mto, lazima useme unatoka wapi. Ukisema unatoka mlimani, Bibi atauliza nani anakaa mlimani. Na ukimweka mtu mlimani, kesho yake ana mke, na mke ana mdomo. Nchi isiyokuwepo ina kazi nyingi kuliko iliyopo.

Kisha Bi Azza akamleta kaka yake.

Sheikhan alikuwa karani katika ofisi moja karibu na bandari. Alivaa koti la Kizungu juu ya kanzu, na mfukoni alichomeka kalamu mbili, ya pili sijui ya nini. "Nimesikia mna kitabu," alisema. "Leo kijana apumzike. Nitasoma mimi."

Bi Azza alitabasamu kwa fahari. Sitara, ambaye hakujua lolote, alisogea karibu asikie vizuri. Mkeka ulikuwa umebakiza siku nne. Nilimpa Sheikhan kitabu kwa mikono miwili, nikiwa nimekifungua mahali pa bwana mwenye masharubu, maana penginepo palikuwa pabaya zaidi.

"Tahadhari, Kaka Sheikhan," nilisema kwa heshima kubwa. "Hiki ni Kiingereza cha ndani. Mwalimu wetu anasema makarani wengi huishia mlangoni."

Sheikhan alikohoa. Aliutazama ukurasa, midomo ikicheza bila sauti. Ninajua kilichoandikwa pale, nimekihifadhi: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku, baada ya chakula. Sheikhan alinitazama, akamtazama dada yake, akautazama tena ukurasa.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Ni cha ndani kweli. Lakini mtu aliyesoma anaiona maana. Hapa anasema... mara tatu kwa siku."

"Nini mara tatu?" aliuliza Bibi.

"Taruvani hupima upepo mara tatu kwa siku," nilidakia, "baada ya chakula."

"Ndivyo," alisema Sheikhan, akajifuta paji la uso. "Ndivyo hasa. Endelea, kijana, usije ukasahau masomo yako." Akanirudishia kitabu kama mtu anayerudisha mtoto aliyelowa. Bibi alicheka puani, kidogo tu, akachomeka ukindu.

Siku iliyofuata, kabla sijafungua, Bibi aliniuliza jambo ambalo nilikuwa nikilikimbia tangu siku ya soko.

"Yule Veluna. Anarudi?"

"Unataka arudi, Bibi?"

"Swali gani hilo? Kitabu kimeandikwa au hakijaandikwa?"

"Kimeandikwa."

"Basi soma. Ila huyo Mwingereza akimfufua, kitabu nitakitia jikoni kichemshe maharage. Aliyekwenda amekwenda. Mimi nataka kujua aliyebaki alifanyaje."

Siku hiyo nilisoma habari za Kezu na yai lake, nikizunguka zunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa na mwisho tayari, mwisho mzuri wenye Veluna akipanda ngazi elfu huku akicheka, na sasa haukufaa hata kwa maharage. Asubuhi yake sikuchuma kitu sokoni. Niliporudi nilimkuta Bibi ameegemea ukuta akipapasa ukingo wa ukili kwa kidole gumba, akihakikisha kuwa umenyooka. Ulikuwa umenyooka. Hakuonekana kufurahi kwa hilo.

Nikakalia kinu, nikafungua kitabu.

Orini, nilisoma, hakumkuta Veluna sokoni. Alikuta kikapu chake. Ndani ya kikapu mlikuwa na ukili ambao Veluna alikuwa ameuanza, unaokwenda upande kama kaa. Jini mwenye mikono sita alikataa kuuza, akasema huchukuliwa tu na anayeacha kitu, na Orini akaacha taa yake akapanda ngazi elfu gizani. Ishimora aliupokea ule ukili. Aliutazama, akaukemea, akasema ni uleule, hata chini ya bahari mtu huyu hakujifunza kunyoosha. Akaingiza kidole ili aufumue.

Hapo nilikwama kwelikweli, kwa mara ya kwanza tangu mchwa.

"Hakuufumua," nilisema. "Aliushona kwenye wake hivyohivyo. Na siku zikaanza kwenda. Mwizi akatua chini akakamatwa. Na tangu hapo kila wiki ya Oluvara ina siku moja inayokwenda upande, chakula kinaungua, viatu vinapotea, na watu wa huko hawakasiriki. Husema, hii ni ya Veluna."

Nilifunga kitabu. Bi Azza alikuwa akitumia ncha ya buibui yake kwa kazi ambayo si yake. Mikono ya Bibi haikusimama. Ilisuka mpaka mwisho wa ukindu alioushika, ikakaza, ikakata. Ndipo akamwita dada yangu.

"Sitara. Chumbani kwangu, chini ya kitanda, kuna kikapu chenye mfuniko, cha Siwema. Kilete."

Mkeka ulimalizika Jumanne. Mama na Sitara walikesha nao chumbani wakiushona ukili kwa ukili. Jumatano, siku moja kabla ya harusi, ilikuwa siku ya kuutandika, na kwa desturi hutandikwa na mtoto wa kiume wa mwisho katika nyumba, ambaye ni mimi. Wanawake wa mtaa walijaa uani, na mimi nikatokea na kanzu safi, mkeka begani, uso wa kaimu kiranja. Niliulaza, nikausukuma kwa mguu kama wafanyavyo watu wazima, ukakunjuka.

Ulikuwa mzuri kuliko yote tisa. Upande mmoja, karibu na ukingo, palikuwa na mstari unaokwenda upande kama kaa, haukufumuliwa. Kutoka kichwani mpaka karibu na katikati, alama nyekundu zilitawanyika kama tembe za komamanga. Na kutoka hapo hadi mwisho hapakuwa na nyekundu hata moja. Zote zilikuwa zambarau.

Vigelegele vilipigwa. Mimi nilikuwa nimesimama na mguu mmoja hewani.

"Abbasi," aliita Bibi kutoka kwenye kiti chake, na wanawake wakanyamaza. "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Hebu nisomee na hiki."

"Nisome nini, Bibi?"

"Nyekundu ni nini?"

"Ni... ni karatasi za kitabu."

"Ngapi? Sitara, hesabu."

Sitara alipiga magoti, akahesabu kwa kidole. "Arobaini na nne."

"Na za zambarau?"

Ilichukua muda. Nilitamani isiishe. "Hamsini na tano, Bibi."

"Na kitabu chako, mume wangu, kina karatasi ngapi?"

Bi Azza aligeuka. "Lakini Sheikhan alikiona kwa macho yake, akasema ni hivyohivyo."

"Mtoto wa jicho yuko jicho moja," alisema Bibi. "La pili lilimwona Sheikhan akisoma bwana mwenye masharubu na chupa. Majini wa Oluvara hawana masharubu. Tuliambiwa karatasi ya tano, nyekundu."

"Ulijua tangu lini?" niliuliza. Sauti yangu ilikuwa imerudi ilipokuwa kabla ya kubalehe.

"Tangu siku ya soko. Ulipokuwa unasoma, ulikwama kama mkokoteni kwenye mchanga. Siku ile ukaanza kwenda kama garimoshi. Tena ukawa unafungua karatasi kutoka huku kuja huku, kama msahafu. Kiingereza sikijui, lakini Waingereza wanaanzia wapi najua."

"Na hukusema, Bibi."

"Ningesema, mkeka ungemalizwa na nani?" Aliinama akapapasa ule mstari unaokwenda upande, mara moja tu, kisha akanyooka. "Haya. Watu wamekaa wanangoja. Karatasi za zambarau aliandika nani?"

Nilitazama upande wa Mama, ambaye alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nikamtazama Sitara, na Sitara alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, hana msaada. Msomaji hodari kuliko wote wa Dar es Salaam hakuwa na kitabu cha kujifichia.

"Mimi," nilisema.

"Zote?"

"Zote, Bibi. Na vitumbua pia."

"Mchana?"

"Mchana."

"Siku ngapi?"

"Siku tisa."

Mnong'ono ulipita uani, na macho ya wanawake wote, pamoja na ya Bi Azza aliyekuwa ameinamisha kichwa apate kuona vizuri, yaliteremka taratibu kwenye kanzu yangu.

"Geuka," alisema Bibi.

Niligeuka. Na kwa kuwa nilikuwa nimeuelekea ukuta, nisimwone mtu, na kwa kuwa siku ya kukiri hukiriwa yote, nilikiri na lililobaki: kwamba tangu siku ya soko, kila asubuhi, kabla ya kufunga kikoi, nimekuwa nikijipapasa nyuma.